Kompyuta ya gemu: laki 6 za mama zilivyogeuka moshi

Wiki hii tuachane kidogo na mambo ya mapenzi, maana wapangaji wenzangu wanagombana kila usiku na mimi nimechoka kuwaandika. Tuongelee gemu. Tena gemu la mtu ambaye mfukoni hana kitu lakini moyoni ana hamu.

Nianze na kisa changu. Ukishamaliza kunicheka, tutaelewana.

Mwishoni mwa mwaka 2022 mama yangu alipokea zamu yake ya mchezo kutoka kwa kijumbe. Laki 6 taslimu. Mama anapika vitumbua hapa hapa Mwananyamala, na kila siku alikuwa akitoa mchango wake bila kukosa, mvua inyeshe, jua liwake. Nikamwomba anikopeshe. Hoja yangu ilikuwa kwamba vijana wa mtaani wanalipa hela kucheza Playstation kwenye vibanda. Mimi nitaunda kompyuta moja ya nguvu, niiweke barazani, watu wacheze FIFA na GTA kwa kulipia, na ndani ya miezi minne hela yake imerudi. Mama akaniangalia wee, kisha akasema, "Baba, hayo madude mimi siyajui. Ninachojua hii hela imeniunguza mikono." Akanipa.

Nikashuka Kariakoo kama bwana harusi.

Sio siri, kichwani nilikuwa nimejiandaa. Watengenezaji wa GTA V, gemu lililoingia kwenye kompyuta mwaka 2015, walitaja wenyewe mashine wanayoipendekeza: prosesa ya Core i5-3470, RAM ya GB 8 na kadi ya picha ya GTX 660. Sasa hiyo i5-3470 ni prosesa ya mwaka 2012, zimejaa tele ndani ya kompyuta za mtumba zilizotoka maofisini Ulaya. Nikapata moja ikiwa na mazabodi yake na RAM GB 8 kwa laki na elfu 40. Hapo nilicheza vizuri.

Kadi ya picha, ile ambayo mafundi wanaiita GPU, ndiyo inayochora kila kitu unachokiona kwenye skrini. Kwa mtu wa gemu ndiyo moyo wa mashine. Nikachukua RX 580 ya GB 8, ya mtumba, laki 2 na nusu. Mwaka ule zilikuwa zimemwagika sokoni kwa sababu Septemba 2022 sarafu ya Ethereum ilibadili utaratibu, ikawa haichimbwi tena kwa kadi za picha, basi wachimbaji wakaziuza kwa fujo. Kadi iliyochimbishwa usiku na mchana imechoka feni, lakini inaweza kuwa nzima. Nayo pia sikukosea sana.

Kisha ujana ukaniingia. Nikaona kasha lina kioo ubavuni na taa za rangi rangi, likizimwa gizani linapendeza, likiwashwa ndiyo usiseme. Laki na elfu 20! Nikatoa. Hadi diski elfu 35. Nikabaki na elfu 55 na bado sijanunua pawa saplai.

Muuzaji akaniwekea moja mezani, imeandikwa wati 600 kwa maandishi makubwa ya dhahabu. Elfu 35. Nikamuuliza, kaka, hii inabeba kweli? Akacheka. "Mdogo wangu, wati 600 hizo, hata friji unawasha." Nikalipa. Chenji ikaishia kwenye nyaya na chipsi.

Siku mbili mtaa ulikuwa wangu. Barazani wamejaa watoto na wakubwa, taa zinawaka bluu na zambarau, hata mama akapita na kikapu chake akatabasamu. Siku ya tatu jioni umeme ukakatika. Ukarudi. Mtu alikuwa ameshawasha mashine na kuingia kwenye gemu, hazijapita dakika kumi, tukasikia paa! Kisha harufu. Kisha moshi ukatoka nyuma ya lile kasha la laki na elfu 20, na taa zake zikazimika moja baada ya nyingine kama harusi iliyovunjika.

Pawa saplai ilikufa, na haikufa peke yake. Iliondoka na kadi ya picha na mazabodi.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja Sinza, mtu mzima, maneno machache. Kabla hata hajafungua akainyanyua ile pawa saplai kwa mkono mmoja, akaipima kama muuza nyama. "Nyepesi hii. Umeingizwa mjini." Alipoifungua ndani mlikuwa na vipande vichache tu vimekaa mbali mbali kama abiria wa daladala ya usiku. Halafu akanionyesha jambo ambalo nakuomba ulikate na ulibandike ukutani.

Kila pawa saplai ina lebo yenye jedwali ubavuni. Achana na namba kubwa ya dhahabu. Tafuta mstari wa volti 12, kwa sababu prosesa na kadi ya picha vinakula kutoka hapo. Angalia ampia zake, zidisha kwa 12, utapata wati za kweli zinazoweza kuingia kwenye mashine yako. Yangu ilikuwa na ampia 18. Mara 12, wati 216. Sasa RX 580 peke yake inataka mpaka wati 185, na i5-3470 inataka 77. Jumla 262. Yaani mwenye kanyaboya alikuwa ameandika ukweli kwenye lebo yake mwenyewe kwa herufi ndogo, mimi nikasoma dhahabu. Na hiyo ni lebo tu, maana kitu cha namna ile hata hizo 216 ningeshangaa kama ilizifikisha.

Pawa saplai nzuri ikizidiwa inajizima yenyewe, unapiga kelele kidogo, unawasha tena, maisha yanaendelea. Ya bei chee haina huo ustaarabu. Inakufa na jirani zake. Ndiyo maana nasema, mwenye hela ndogo anaweza kubana kwenye kasha, kwenye kibodi, hata kwenye prosesa, lakini akibana hapa anacheza kamari na kila kitu kingine alichonunua. Kama ni lazima uchukue ya mtumba, heri ile iliyotoka kwenye kompyuta ya ofisi yenye jina kuliko mpya isiyo na ukoo.

Mama hakunigombeza. Hilo ndilo lililoniuma. Aliuliza tu, "Imeungua yote?" Nikamwambia hadi diski imepona. Akarudi kwenye moto wake, na asubuhi yake nikamwona anaanza kuchangia mchezo upya.

Ilinichukua zaidi ya mwaka kujikusanya. Mwaka 2024 nikarudi Kariakoo, safari hii bila ubwana harusi. Sikutaka tena kuunda kuanzia chini. Nilitafuta Dell OptiPlex ya mtumba iliyosimama kama mnara, ndani ina Core i5-6500 ya mwaka 2015, RAM GB 8, kwa laki 2 na elfu 30. Angalia vizuri nilivyosema mnara. Zipo OptiPlex nyembamba, za kulaza, nazo ni bei rahisi zaidi, lakini kadi ya picha ya kawaida haiingii, inabidi utafute ile fupi ya nusu kimo, na hiyo si rahisi kuipata. Zile ndogo kabisa kama kitabu, hizo kadi usahau. Nenda na rula, usione haya.

Pawa saplai ya mnara wangu ilikuwa ya wati 240. Ndogo, lakini ya kweli. Hapo ndipo hesabu ya fundi wa Sinza ilipofanya kazi. Lile tundu la kwenye mazabodi linaloshika kadi linatoa wati 75 mwisho. Kadi inayotaka zaidi lazima ichomekwe waya wake kutoka pawa saplai, na hizi mashine za ofisi mara nyingi waya huo hazina. Kwa hiyo unatafuta kadi inayoishi ndani ya 75. GTX 1650, iliyotoka mwaka 2019, iko hapo hapo kwenye 75, na nyingi zake hazina kabisa tundu la waya. Prosesa yangu wati 65, kadi 75, jumla 140. Nikalala usingizi. Nilipata ya GB 4 kwa laki 2 na elfu 40.

Kidokezo kidogo kwa wanaotaka kubadilisha pawa saplai kwenye Dell hizi: baadhi yao, kama OptiPlex 9020, plagi ya mazabodi ina pini 8 badala ya zile 24 za kawaida. Utanunua pawa saplai nzuri ufike nyumbani ikatae kuingia. Fungua mfuniko uangalie kabla hujatoa hela.

Safari hii kadi sikuinunua kwa macho. Mjini kuna kadi zilizobadilishwa ubongo: ndani ni mzee wa miaka mingi, lakini kompyuta ikimuuliza jina anajitaja kijana. Dawa yake ni programu ya bure inaitwa GPU-Z. Tangu mwaka 2018 ina uwezo wa kutambua nyingi za kadi hizo za Nvidia na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Iweke kwenye flashi, nenda nayo dukani. Na kwenye RX 580 angalia namba ya shaders. Halisi ina 2304. Ipo iliyotolewa mwaka 2018 kwa soko la China yenye 2048, si feki, lakini kwa undani wake ni RX 570 iliyovaa koti la kaka yake. Ukiuziwa kwa bei ya 570, chukua. Ukiuziwa kwa bei ya kaka, aga taratibu.

Baada ya hapo mwombe muuzaji awashe gemu zito, mkae dakika 20 mkipiga stori, huku GPU-Z inaonyesha joto. Ikikaribia nyuzi 90, au skrini ikianza kutoa madoa madoa, shukuru na uondoke. Muuzaji wangu alinuna. "Dogo, unanunua kadi au unanunua nyumba?" Nikamwambia kaka, hii ni hela ya vitumbua.

Nikaongeza kijiti cha pili cha RAM cha GB 8 kwa elfu 30, maana vijiti viwili vinavyolingana vinapitisha data kwa njia mbili kwa pamoja, na SSD ya GB 240 kwa elfu 45. Wapo wanaoamini SSD inaongeza ulaini wa picha. Mara nyingi hapana. Inafanya gemu lifunguke haraka badala ya kukukalisha kama foleni ya hospitali. Jumla laki 5 na elfu 45. Taa hakuna hata moja, na sijaona bado taa iliyofunga goli.

Sasa wewe unayeanza leo usinakili mashine yangu kichwa kichwa. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu wao inataka Core za kizazi cha nane kwenda mbele. Wengine wanailazimisha iingie kwenye za zamani, na inaingia, ila gemu kama Valorant likiwa kwenye Windows 11 linadai TPM 2.0 na Secure Boot, ukikosa linakufungia mlango. Kwa hiyo jitahidi ufike kwenye i5-8500 ya mwaka 2018. Hiyo ina viini sita badala ya vinne, na prosesa yenyewe inakula wati 65 zile zile.

Mwenye nazo kidogo, anayetaka vitu vipya dukani, aangalie Ryzen 5 5600G. Ina uwezo wa picha ndani yake, unacheza magemu mepesi bila kadi, kadi unaiongeza mbele ya safari ukipata mshiko. Lakini hiyo bila vijiti viwili vya RAM ni kujionea, kwa sababu picha zake zinakula kwenye RAM hiyo hiyo. Na RAM yenyewe ilipanda bei sana duniani kote kuelekea mwisho wa mwaka 2025, viwanda vikipeleka chipu kwenye mashine za akili bandia. Kwa hiyo mashine ya mtumba inayokuja na GB 16 zake tayari usiipite hivi hivi.

Yangu bado ipo barazani. Nimeichomeka kwenye UPS ya mtumba niliyoibadilishia betri, umeme ukikatika wateja wana dakika chache za kuhifadhi gemu lao na kutukana. Vumbi nalipuliza kila mwezi, maana joto la Februari hapa Dar halihitaji msaada. FC 24 inacheza, GTA inacheza.

Mama ndiye anayepokea hela siku ninapokuwa kazini. Anaziandika kwenye daftari la vitumbua, ukurasa wa nyuma, chini ya jina langu. Jana nilichungulia. Zile laki 6 zimebaki elfu 90.