Uhuru Ulioruka Kutoka Baharini

Historia ya maroketi husimuliwa kwa majina machache: Sputnik ya Umoja wa Kisovieti, iliyoizunguka dunia Oktoba 1957, Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kwenda angani, Aprili 1961, na Wamarekani waliotua mwezini Julai 1969. Hao wana haki ya kutajwa. Lakini iko siku nyingine ambayo sisi wasemao Kiswahili hatuna ruhusa ya kuisahau.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wake, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la chuma la San Marco, baharini karibu na Malindi. Roketi na setilaiti vilikuwa vya Wamarekani. Jukwaa, na mafundi walioirusha, walikuwa Wataliani. Kwa heshima ya siku ile, setilaiti ikapewa jina la Uhuru.

Kwa nini walikuja mbali hivyo? Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na kwenye Ikweta mwendo wake hufikia kilomita 1,670 kwa saa. Roketi irukayo hapo hupata msukumo wa bure. Na mbele yake ni bahari tupu, ambamo vipande vyake vyaweza kuanguka bila kumdhuru mtu.

Nayo kazi ya Uhuru haikuwa ndogo. Hewa ya dunia huizuia miali ya eksirei itokayo kwenye nyota, kwa hiyo atakaye kuipima sharti apande juu ya hewa. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Ilitambua vyanzo 339 vya miali hiyo, na ikawasaidia wataalamu kuamini kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kutoka jukwaa hilo zilirushwa setilaiti tisa, tangu 1967 hata 1988. Kisha pakanyamaza. Aprili 2023 Kenya ilipopeleka angani setilaiti yake, Taifa-1, ilibidi ivuke bahari hadi California, Marekani, ikapandishwe kwa roketi ya huko.

Hapo ndipo pa kufikiri. Jina lilikuwa letu, na bahari, na ile Ikweta ambayo hakuna fedha iwezayo kuinunua. Lakini maarifa na mitambo vilikuwa vya wenzetu. Wazee walinena: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hatusemi wageni wasije. Twasema wajapo, vijana wetu wasiishie kubeba mizigo na kulinda lango. Wakae mezani penye hesabu, washike spana, waijue kazi mpaka mwisho. Siku hiyo neno Uhuru, likiandikwa tena ubavuni mwa chombo, litakuwa limeandikwa na mkono uliokiunda.