Mabango ya Calder: Kutangaza Sanamu Bila Kuionyesha

Sanamu huzungukwa, karatasi haizungukwi. Ndiyo shida ya kila anayetengeneza bango la maonyesho ya sanamu. Wengi hukimbilia picha, wakapata upande mmoja na kupoteza pande zote nyingine. Alexander Calder, Mmarekani aliyezaliwa 1898, mara nyingi aliiacha sanamu nje ya bango, na mabango ya maonyesho yake katika Galerie Maeght, Paris, yanasakwa na wakusanyaji hadi leo.

Calder alitoka katika ukoo wa wachongaji. Sanamu ya William Penn iliyo juu ya jengo la serikali ya jiji la Philadelphia ni kazi ya babu yake. Yeye alisomea kwanza uhandisi wa mitambo, akahitimu 1919. Mwaka 1930 alitembelea studio ya mchoraji Piet Mondrian, akaona vipande vya rangi vilivyopangwa ukutani, akatamani kuviona vikicheza. Haukupita muda akawa anaunda sanamu za waya na bati zinazosogea, mwanzoni kwa mota, baadaye kwa upepo tu.

Galerie Maeght ilianza kufanya naye kazi 1950. Katika mabango yake mengi utakuta miduara na maumbo yaliyopinda, nyekundu, nyeusi, buluu na manjano, pamoja na jina lake kwa herufi kubwa. Rangi hizo hazina kivuli wala mpito, na hapo ndipo zilipokubaliana na litografia. Katika ufundi huo msanii huchora kwa wino wa mafuta juu ya jiwe au bamba. Sehemu tupu hulowanishwa, na kwa kuwa mafuta hayapatani na maji, wino wa kuchapia hushika mchoro peke yake. Kila rangi huchapwa kivyake.

Mnunuzi wa leo na atembee na lenzi. Akiona vitone vidogo vilivyojipanga kwa safu, hiyo ni nakala iliyotokana na picha. Litografia huacha wino uliotanda.

Nyumba za sanaa zilizoea pia kuchapa nakala chache zisizo na maandishi, zikatiwa saini na namba, na bei yake huwa juu. Hata hivyo, mimi ningechukua yenye maandishi. Ndiyo iliyobandikwa mtaani ikawaita watu waje kutazama.