Kapteni aliyejisifu juu ya lango

Kila aingiaye Ngome ya Yesu mjini Mombasa hupita chini ya sura ya bwana mkubwa wa Kireno. Rangi ya mafuta haimo, wala turubai. Ni maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe mwaka 1639, na mwenye kujisifu humo ni Francisco de Seixas de Cabreira, kapteni wa ngome.

Jiwe linaanza na umri wake: mwaka 1635, akiwa na miaka 27, alikabidhiwa ngome kwa miaka minne. Kisha sifa zinafuatana. Aliijenga upya. Wafalme wa Manda, Luziwa na Jaka aliwatoza kodi. Pate na Siyu aliziadhibu na kuzibomolea kuta. Pemba aliwaua magavana na wakubwa wa mji, na hilo anajivunia kuwa aliliamua mwenyewe. Mwisho zinakuja heshima alizotunukiwa: cheo katika nyumba ya mfalme, uanachama wa Shirika la Kristo, na reis elfu hamsini kwa mwaka.

Makabaila wenzake wa Ulaya walichorwa wakiwa na deraya kifuani na fimbo ya uamiri mkononi. Mwaka huohuo wa 1635, mjini Madrid, mchoraji Velázquez alimaliza picha ya kusalimu amri kwa mji wa Breda. Humo jemadari Spinola anamwekea adui mkono begani asije akapiga magoti. Mfalme wa maafisa hawa wawili alikuwa mmoja, Felipe wa Nne, aliyetawala Uhispania na Ureno hadi 1640. Kasri lake lilipambwa kwa huruma. Lango lake la Mombasa likajisifia mauaji.

Aliyeanzisha uasi ambao Cabreira aliuadhibu, jiwe linamwita tu mfalme dhalimu. Jina lake ni Yusuf bin Hassan. Alilelewa Goa na watawa wa Kiaugustino, akabatizwa Dom Jerónimo, akarudishwa kutawala Mombasa. Tarehe 16 Agosti 1631 alimuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akaitwaa ngome na kurudi katika Uislamu. Wareno walimzingira mwaka 1632 wakashindwa. Aliiharibu ngome, akaondoka zake baharini, na hawakumtia mkononi hadi alipofariki mwaka 1638.

Jiwe la Cabreira, basi, ni hati ya madai ya mtumishi kwa bwana wake, nasi tulisome hivyo. Ukifika langoni, inua macho, na mtajie mwanao jina la Yusuf bin Hassan, kwa maana jiwe halitamtajia.