Mzazi Anapoyumba Akitembea na Akiswali: Nini Kinabadilika Mwilini na Sharia Inasemaje

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na sahaba zake. Ama baad.

Yako maswali mawili yanayosikika sana misikitini kwetu. La kwanza: mama yangu anayumba akisimama katika swala, lakini hataki kukaa kwa kuogopa kuwa swala yake haitasihi. La pili: babu anakwenda sokoni kwa miguu yake, je, inafaa aswali kwenye kiti? Ili tuyajibu, ni vyema kwanza tujue kinachotokea katika mwili wa mtu mzima umri unaposonga.

Mwili unasimama kwa nini?

Mtu hasimami kwa nguvu za miguu peke yake. Ubongo hupokea habari kutoka sehemu tatu: macho yanayoona ulipo, sikio la ndani linalohisi kichwa kikiinama au kugeuka, na nyayo na viungo vinavyohisi ardhi. Ubongo huziunganisha habari hizo na kuiamrisha misuli iuweke mwili wima. Kijana hufanya kazi hii bila kujua kama anaifanya. Akiteleza, mguu wake huwahi kabla hajafikiri.

Kwa mzee, vyote hivi hupungua kidogo kidogo. Macho huingia ukungu, pengine kwa mtoto wa jicho. Nyayo hupoteza hisia, hasa kwa mwenye kisukari. Misuli ya mapaja na vifundo hunyong'onyea, na amri ya ubongo huchelewa kufika. Ndiyo maana mzee hutembea polepole, hatua zake ni fupi, na miguu yote miwili hukaa chini kwa muda mrefu zaidi kabla ya kunyanyua mmoja. Huo si uvivu. Mwili unajihami usianguke.

Tofauti nyingine iko kichwani. Kijana hutembea huku anazungumza na simu. Mzee hutembea kwa kufikiri. Mwaka 1997 watafiti wa Sweden walionesha kuwa wazee wanaosimama pale wanaposemeshwa njiani ndio walioanguka zaidi katika miezi iliyofuata. Basi ukimsindikiza mzazi wako kwenye ngazi, subiri mfike juu ndipo umpe habari.

Haya Allah ametueleza kwa ujumla katika Surat Ar-Rum, aya ya 54: tumeumbwa katika udhaifu, tukapewa nguvu, kisha baada ya nguvu hurudi udhaifu na mvi.

Hukumu ya swala

Kusimama katika swala ya faradhi ni nguzo kwa mwenye uwezo. Asiyeweza huswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa huswali kwa ubavu, kama ilivyothibiti katika hadithi ya Imran bin Huswayn (r.a.) aliyoipokea Bukhari.

"Asiyeweza" si yule aliyepooza tu. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu visiwani, wamemtaja abiria wa chombo anayeogopa kuzama au kuzungukwa na kichwa akisimama: huyo huswali kwa kukaa. Sisi tunaovuka bahari tunalielewa hilo. Mzee ambaye sakafu ya nyumba yake imekuwa kwake kama sitaha ya jahazi, naye anao udhuru. Swala yake ni sahihi, na ujira wake haupungui kwa udhuru huo, inshaallah.

Ama babu anayekwenda sokoni, kila nguzo huangaliwa peke yake. Ikiwa anaweza kusimama lakini magoti hayamruhusu kusujudu, basi asimame katika kisimamo, arukuu kadiri awezavyo, kisha akae kwa kile kilichomshinda. Asikae tangu takbiri ya kwanza kwa sababu tu kiti kipo. Na kama anaweza kusimama kwa kuegemea ukuta au bakora, aegemee. Abu Daud amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alipokuwa mtu mzima aliweka nguzo mahali pake pa kuswalia akiiegemea. Na Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa katika swala za usiku, umri ulipomwendea, alikuwa akisoma hali amekaa, na zinapobaki kiasi cha aya thelathini au arubaini husimama akazisoma, kisha akarukuu. Baada ya hapo nani ataona haya ya bakora?

Maimamu nao wakumbuke kuwa wameamrishwa kuwahafifishia watu, kwani nyuma yao wamo wanyonge, wagonjwa na wazee.

Wajibu wetu nyumbani

Hatari kubwa iko mahali pa udhu. Kunyanyua mguu mmoja ili kuuosha, juu ya vigae vilivyorowa na kandambili zilizokwisha, ni mtihani hata kwa kijana. Mwekee mzazi kigoda atawadhe amekaa, na upige chuma cha kushikia ukutani. Weka taa njia ya chooni, na tochi karibu na kitanda kwa siku umeme unapokatika. Mkeka uliokunjamana ncha uondoe njiani.

Akiamka kwa Alfajiri, akae kwanza ukingoni mwa kitanda, kwa sababu damu huchelewa kupanda kichwani na kizunguzungu hutokea hapo. Dawa za presha na za usingizi huzidisha hali hiyo. Mwelezeni daktari, wala msizikatishe wenyewe.

Tusimfungie ndani kwa kumwogopea. Misuli isiyotumika huzidi kudhoofika, na anayeacha kutembea huanguka kwa wepesi zaidi. Atembee kila siku, ajizoeze kuinuka kitini mara kadhaa, na asimame kwa mguu mmoja huku ameshika ukuta na mtu yupo karibu.

Lakini akianza kuyumba ghafla, mdomo ukaenda upande, mkono ukalegea au maneno yakawa mazito, msiseme ni upepo mkasubiri. Hiyo huenda ni kiharusi. Mpelekeni hospitali saa ileile.

Wazazi hawa ndio waliotushika mikono tulipokuwa tukijifunza kusimama dede. Allah awahifadhi walio hai, awarehemu waliotangulia, na atujaalie kuwa wema kwao.

Wallahu a'lam.