Kivu ya Kusini: Vitabu bado viko kwenye rafu, lakini anayejua mahali vilipo anakaribia pansheni

Kila mwaka, wakati wa kutoa TFC na memwari unapokaribia, foleni ndefu mjini Bukavu haiko mlangoni mwa maktaba. Iko kwenye vibanda vya fotokopi vilivyo karibu na vyuo vikuu. Mwanafunzi anafika na funguo yake ya USB, analipa franka zake, anaondoka na kazi ya mtu aliyemaliza miaka mitatu iliyopita. Nyumbani anabadilisha mwaka, jina la kata na jina la mwalimu anayemsimamia. Kisha anaanza kuomba Mungu ili jury isiulize maswali mengi.

Maktaba, au biblio kama tulivyozoea kuiita, iko hatua chache kutoka hapo. Mara nyingi ni chumba kirefu chenye meza za mbao, madirisha yasiyofunguka vizuri na wanafunzi wachache waliokuja kutafuta kimya ili wasome silabusi zao. Nasema silabusi, si vitabu. Kwa miaka mingi chuo kikuu katika nchi yetu kimeishi kwa silabusi: profesa anaandika kurasa zake, mwanafunzi ananunua, anakariri, anafanya mtihani. Wizara ya elimu ya juu imeshakataza mara kwa mara kumlazimisha mwanafunzi kununua, lakini mazoea ni mazoea. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa silabusi moja kwa kila somo hawezi kuona kwa nini aende kufungua vitabu vitano vinavyopingana.

Sasa kuna jambo lililobadilika. Mfumo wa LMD, ambao serikali iliuanzisha kwa upana kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, unahesabu masomo kwa krediti, na sehemu ya saa za kila krediti ni kazi ya mwanafunzi mwenyewe, nje ya darasa. Kwenye karatasi ni jambo zuri. Lakini kazi hiyo ataifanyia wapi? Nyumbani umeme wa SNEL unakatika, watoto wanalia, na mega za simu zinakwisha kabla hajamaliza kupakua ukurasa wa pili. Mfumo mpya uliletwa bila kuuliza kwanza kama biblio ziko tayari kuupokea. Kwa maoni yangu, hilo ndilo kosa kubwa la mageuzi yale, na halizungumzwi sana kwa sababu maktaba haiandamani barabarani.

Na wanaofanya kazi humo? Katika vyuo vikuu vyetu wafanyakazi wamegawanywa makundi: maprofesa, kisha waasistanti na wakuu wa kazi, halafu wale wanaoitwa PATO, yaani wafanyakazi wa utawala, wa ufundi na wa kazi za mikono. Wengi wa wanaotunza vitabu wako katika kundi hili la mwisho, pamoja na walinzi na wafagiaji. Simdharau mfagiaji. Nataka tu kusema kwamba mtu anayejua kupanga maelfu ya vitabu kwa namba na kukuelekeza bila kukosea anahesabiwa kama mtu ambaye yeyote anaweza kuchukua nafasi yake kesho asubuhi. Wengine wanangoja miaka majina yao yaingizwe kwenye orodha ya malipo ya serikali, na wakati huo wanaishi kwa prime ndogo inayotoka kwenye pesa za wanafunzi. Mambo yalizidi kuwa magumu benki zilipofungwa Goma mwisho wa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata. Hata mwenye mshahara ilimbidi ahangaike kuufikia.

Ukitaka kujua tuna nini mikononi, panda barabara ya Kavumu hadi Lwiro, katika Kabare. Wengi wanaijua Lwiro kwa sababu ya sokwe wanaotunzwa pale. Lakini kabla ya sokwe kulikuwa na watafiti. Wabelgiji waliunda taasisi yao ya utafiti, IRSAC, mwaka 1947, wakajenga Lwiro kituo kikubwa chenye maabara, makusanyo ya wanyama na mimea, na maktaba ambayo mpaka leo inamshangaza mgeni anapoingia. Kituo hicho leo kinaitwa CRSN. Humo ndimo walimochunguza matetemeko ya ardhi ya ukanda wetu, samaki wa maziwa, mimea ya Kahuzi, na utapiamlo wa watoto wa Bushi. Majarida na ripoti za miaka hiyo yako kwenye rafu za mbao, kwa Kifaransa zaidi.

Mtu anaweza kuuliza: karatasi za wakoloni zina faida gani leo? Swali ni halali, na jibu si gumu. Tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilitetemeka Bukavu na ng'ambo ya Ruzizi, watu wakafa, nyumba na makanisa yakaanguka. Anayetaka kujua ni mara ngapi ardhi yetu imetetemeka hivyo katika miaka mia moja hawezi kupata jibu kwa simu yake. Anahitaji maandishi ya watu waliopima wakati huo. Vivyo hivyo kwa daktari anayetaka kulinganisha utapiamlo wa Kabare wa leo na ule wa miaka ya 1950.

Mfano mwingine uko Yangambi, katika Tshopo, kando ya mto Congo. Kuanzia 1937 hadi 1958 wafanyakazi wa kituo cha kilimo cha pale walikuwa wanazunguka msituni wiki kwa wiki, wakiandika mti gani umetoa maua, upi umezaa, upi umeangusha majani. Kazi ya kuchosha, bila sifa. Zaidi ya nusu karne baadaye kurasa hizo zilipigwa picha, na watu wa kujitolea wa nchi nyingi wakasaidia kuzisoma kupitia intaneti, katika mradi ulioitwa Jungle Rhythms. Leo wanasayansi wanazitumia kuelewa jinsi msitu wetu unavyoitikia mabadiliko ya tabianchi. Kama mtu mmoja angeamua wakati fulani kwamba karatasi hizo kuukuu zinafaa kuwashia moto, pasingekuwa na cha kupiga picha.

Maadui wa karatasi kwetu wanajulikana: unyevu, mchwa, panya, paa linalovuja. Vita ni adui wa namna nyingine. Si lazima bomu lianguke juu ya maktaba. Uwanja wa ndege wa Goma ukifungwa, wa Kavumu ukifungwa, sanduku la vitabu lililotumwa kutoka Ulaya au Kinshasa halifiki. Mtafiti anakimbia, funguo zinabaki kwa mlinzi, na dirisha lililovunjika wakati wa mvua linabaki vile vile hadi mvua nyingine.

Upande wa teknolojia, habari si mbaya zote. Kuna mpango wa Research4Life, ambao sehemu yake ya afya, Hinari, ilianza 2002. Kupitia mpango huo taasisi za nchi kama Congo zinasoma bila malipo maelfu ya majarida ya kisayansi ambayo chuo cha Ulaya kinayalipia pesa nyingi. Sharti ni taasisi ijiandikishe, kisha ipewe neno la siri. Niliposoma chuo sikuwahi kusikia jina la mpango huo hata siku moja. Kuna pia Kiwix, programu inayokuwezesha kuweka Wikipedia nzima kwenye kompyuta na kuisoma bila intaneti. Kompyuta moja, betri moja na paneli ya jua vinatosha kuhudumia darasa. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu aliyepewa muda na mafunzo ya kuendesha hayo.

Mtu huyo anahitajika zaidi sasa kwa sababu ya akili bandia, ile wanayoiita IA. Wanafunzi wanaitumia kuandika memwari, na inawatungia orodha nzuri ya vitabu, yenye waandishi, miaka na miji ya uchapishaji. Tatizo ni kwamba baadhi ya vitabu hivyo havijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Profesa mwenye wanafunzi wengi wa kusimamia hana muda wa kuhakikisha kimoja kimoja. Mtunza maktaba anaweza, maana hiyo ndiyo kazi yake tangu zamani: kujua kitabu kipo au hakipo.

Jambo la lugha nalo linaniuma. Tunaongea Kiswahili nyumbani, sokoni na kanisani, lakini kwenye rafu zetu utapata Kifaransa, kisha Kifaransa tena, na labda Biblia na vitabu vya nyimbo. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini riwaya kutoka Dar es Salaam bado ni adimu Bukavu. Hata yetu wenyewe hatunayo. Mwaka 1965, André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa niaba ya watu waliofanya kazi za boyi katika nyumba za wazungu. Maandishi hayo yalichapishwa na Johannes Fabian mwaka 1990, Amsterdam, na tafsiri ya Kiingereza. Sheria ya 1974 inataka kila kinachochapishwa nchini kipelekwe nakala kwa serikali ili kihifadhiwe. Ni wachapishaji wangapi wa Bukavu au Goma wanaoikumbuka?

Miezi michache iliyopita nilirudi kwenye biblio ya chuo nilikosoma kutafuta memwari yangu mwenyewe, maana nakala yangu ilipotea tulipohama nyumba. Kompyuta ya mapokezi ilikuwa imezimika, na kadi za zamani za droo zilikuwa zimechanganyika. Papa tuliyekuwa tunamsumbua zamani alikuwa bado yupo, na koti lake la buluu lile lile. Aliuliza mwaka na jina la profesa aliyenisimamia, akaingia nyuma ya rafu, akatoka nayo kabla sijamaliza kujibu ujumbe mmoja kwenye simu. Ilikuwa na vumbi na kona moja imeliwa na panya. Nilimuuliza nani anafundishwa kushika kazi yake, kwa kuwa amebakiza muda mfupi kufika pansheni. Alisema ameshaandika barua mbili kuomba kijana wa kumfundisha, na anangoja jibu.