DNA ya Kale na Suala la Asili ya Waswahili na Lugha Yao

Suala la asili ya Waswahili na lugha yao limejadiliwa kwa muda mrefu kwa kutegemea ushahidi wa aina tatu: masimulizi ya wenyeji, vitu vilivyofukuliwa na wanaakiolojia, na lugha yenyewe. Mwezi wa Machi 2023 uliongezeka ushahidi mwingine, uliotoka katika mifupa ya marehemu. Jarida la Nature lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa DNA ya watu 80 walioishi kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Wengi wao walizikwa katika miji ya pwani, kama vile Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Wengine walizikwa Makwasinyi, katika bara ya Kenya. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo alikuwamo Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya aliyeifukua Mtwapa kwa miaka mingi.

Ni rahisi kuyapokea matokeo hayo kana kwamba kesi imekwisha kukatwa. Kabla ya kufanya hivyo, yafaa ieleweke DNA ya kale husema nini, na hunyamaza wapi.

DNA ni kitu kilichomo ndani ya seli za kiumbe, nacho hubeba urithi wa mzazi kwa mwana. Kiumbe afapo, DNA yake huanza kukatikakatika, na joto na unyevu huiharibu upesi zaidi. Kipande cha kwanza cha DNA ya mnyama aliyetoweka kilisomwa mwaka 1984, kutokana na ngozi kavu ya kwaga, mnyama wa jamii ya punda milia aliyekuwa Afrika Kusini. Lakini DNA kamili ya mtu wa kale wa Afrika haikupatikana mpaka 2015. Mtu huyo aliishi miaka 4,500 hivi iliyopita, naye alizikwa katika pango la Mota, kwenye nyanda za juu za Ethiopia. Kwamba mifupa ya pwani yetu yenye fukuto imeweza kusomwa si jambo dogo.

Sehemu mbili za urithi huo zina faida ya pekee kwa mwanahistoria. DNA ya mitokondria hurithiwa kwa mama tu, na kromosomu Y hupita kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Kwa hiyo mchunguzi aweza kutenganisha ya kukeni na ya kuumeni, jambo ambalo kaburi au kigae hakiwezi kulifanya.

Ndipo yalipo matokeo yenye uzito. Katika wengi wa wale waliozikwa pwani, zaidi ya nusu ya urithi wao ulitoka Afrika, na sehemu kubwa ya urithi huo ilitoka kwa wanawake. Sehemu nyingine kubwa, ambayo kwa baadhi yao ilizidi nusu, ilitoka Asia. Ya Asia hiyo, baina ya asilimia 80 na 90 ilitokana na wanaume wa Uajemi, na iliyobaki ilielekea India. Mchanganyiko huo ulikuwa umekwisha kuanza kufikia mwaka 1000 hivi. Baada ya 1500, damu ya kigeni iliyoingia ilizidi kuwa ya Arabuni.

Habari za Washirazi, ambazo wataalamu wengi walizichukua kuwa hekaya za kujikweza tu, zimepata msingi. Hata hivyo ni msingi wa namna yake. Katika simulizi moja ya Kilwa mgeni wa Shirazi anamwoa binti wa mwenyeji, na kwa miaka mingi wasomaji wamemtazama bwana harusi wakamsahau bibi harusi. DNA imemrejesha. Tena isisahauliwe kwamba makaburi mengi yaliyochunguzwa yalikuwa karibu na misikiti, na waliozikwa humo walikuwa watu wa hadhi. Mvuvi na mkulima wa nje ya mji hawakuwakilishwa sawasawa, na asilimia za walalao hapo haziwezi kufanywa kipimo cha Waswahili wote.

Lugha nayo ina ushahidi wake, usiohitaji ruhusa ya kaburi. Kiswahili ni tawi la kundi la Sabaki, pamoja na Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na lugha za Ngazija na visiwa jirani. Mgiriama asema *nzala* na *mvula*, Mswahili asema *njaa* na *mvua*. /L/ ya kale imedondoka katika Kiswahili kwa utaratibu unaoweza kuonyeshwa neno kwa neno. Derek Nurse na Thomas Spear walilieleza jambo hili mwaka 1985, na Nurse akalipanua pamoja na Thomas Hinnebusch mwaka 1993. Ngeli, viambishi vya kitenzi na msamiati wa msingi ni vya Kibantu. Mtu aweza kuwa na babu wa Uajemi katika kila mfupa wake na bado asiwe na kiambishi kimoja cha Kiajemi katika sentensi yake. Wanaodai sasa kwamba lugha hii ni nusu ya kigeni kwa kuwa mifupa fulani ni nusu ya kigeni wanachanganya vitu viwili visivyorithiwa kwa njia moja.

Vitu hivyo viwili, vikiwekwa pamoja bila kuchanganywa, vinaelezana. Wanaume waliofika kwa jahazi bila wake wa kwao walioa wenyeji, na watoto wakajifunza kusema kwa mama zao. Ingalikuwa jamaa nzima zimehama na kujenga mitaa yao, pengine Kiajemi kingalidumu kwa vizazi kadhaa.

Maneno ya Kiajemi yaliyobaki katika Kiswahili ni machache yakilinganishwa na ya Kiarabu: *nahodha*, *nanga*, *bandari*, *bustani*, *rangi* na mengineyo. Matatu ya kwanza ni ya baharini, kazini mwa wanaume. Lakini mengi ya maneno haya yalitumika pia katika Kiarabu au katika lugha za India, kwa hiyo si lazima yawe yaliletwa na Waajemi wenyewe. Maneno ya Kiarabu, kwa upande wake, yanaonekana kuingia kwa wingi katika karne za baadaye, na hapo tarehe za wanaisimu na badiliko lile la baada ya 1500 zinakaribiana. Kinachofaa kupimwa upya ni tabaka la maneno yaliyoingia kabla ya hapo, moja moja, kwa sauti zake na kwa njia yaliyopitia.