Wakanada na Mvinyo wa Kwao: Heshima ya Cha Nyumbani

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakashangaa kuiona safu hii, inayosomwa katika visiwa ambavyo watu wake wengi hawagusi kilevi, ikizungumzia mvinyo. Tunasema mapema kwamba hatukukusudia kuusifu ulevi wala kumfundisha mtu kunywa. Sisi tulikaa chuoni mbele ya msahafu kabla ya kukaa katika madarasa ya serikali, na mipaka yetu tunaijua. Lakini mwenye busara hujifunza hata kwa mtu asiyekula naye sahani moja. Katika jambo hili wananchi wa Kanada wana somo, na mkulima wa karafuu analihitaji kama anavyolihitaji afisa anayempimia gunia lake.

Tumtazame mpenzi wa mvinyo anayeishi Toronto. Si lazima awe tajiri. Huenda ni mwalimu au karani. Ijumaa jioni, akitoka kazini, hupita katika duka la shirika la serikali ya jimbo la Ontario, ambalo tangu mwaka 1927 limekabidhiwa uuzaji wa vileo. Rafu za duka hilo zimejaa chupa za Ufaransa, Italia na Chile. Yeye huanzia kwenye rafu ya Ontario. Huichukua chupa, akaigeuza, akatafuta herufi tatu: VQA. Akiziona, huridhika. Nyumbani huifungua pamoja na chakula cha jioni, samaki au kuku, akanywa bilauri moja taratibu, na mazungumzo yakawa ya shamba lililotoa zabibu zile na mvua ya mwaka ule.

Jumamosi hufunga safari ya kulizunguka Ziwa Ontario kwa upande wa magharibi hadi rasi ya Niagara. Huko mizabibu imepandwa kwa safu kati ya maji na mwinuko mrefu wa mawe. Ziwa hilo ndilo mlinzi wa mashamba. Maji yake hutunza joto la kiangazi, yakapunguza ukali wa baridi inapoingia. Na majira ya kuchipua hubaki baridi, yakachelewesha machipukizi mpaka hatari ya sakitu imepungua. Mgeni huonjeshwa kidogo kidogo, akaelezwa na mwenye shamba kwa nini mwaka huu una uchachu na ule una utamu. Starehe yake kubwa ni kuyajua haya yote: udongo, watu na msimu.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Kwa miaka mingi mvinyo wa Kanada ulikuwa kichekesho kwa Wakanada wenyewe. Sehemu kubwa ulitokana na mizabibu ya asili ya Amerika, ambayo hustahimili baridi lakini hutoa mvinyo wenye harufu nzito isiyopendwa na wajuzi. Mwaka 1971 kiliingia sokoni kinywaji kitamu chenye povu kilichoitwa Baby Duck, na katika miaka ile kilikuwa miongoni mwa vilivyonunuliwa sana. Mwenye kutaka kumheshimu mgeni alimmiminia cha Ufaransa, cha nyumbani akakiacha kabatini. Je, sisi hatuujui ugonjwa huo, wa kumpa mgeni cha nje na kukionea haya cha kwetu?

Mabadiliko hayakuletwa na hotuba. Mwaka 1975 Donald Ziraldo na Karl Kaiser walipewa ruhusa ya kufungua kiwanda cha Inniskillin huko Niagara, ruhusa ya kwanza ya namna hiyo kutolewa Ontario tangu mwaka 1929. Kisha ukaja mtihani. Mwaka 1988 Kanada ilitia saini mkataba wa biashara huria na Marekani, na ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 1989. Wengi waliona kwamba mvinyo wa California ungewafuta wakulima wa Ontario. Serikali iliwalipa wakulima wang'oe mizabibu ya zamani, na wengi wa waliobaki katika kazi hiyo wakapanda mbegu bora za asili ya Ulaya.

Mwaka huo huo wa 1988 ndipo zilipozaliwa zile herufi tatu, na mwaka 1999 Ontario ikazipa nguvu ya sheria. Chupa haipati kuzibeba mpaka zabibu zake zote ziwe zimeota Ontario, mvinyo wake umepimwa katika maabara, na umeonjwa na jopo la wajuzi. Mwenye kiwanda hatoi hukumu juu ya kazi ya mikono yake mwenyewe.

Matunda yalionekana upesi. Mwaka 1991, katika maonyesho ya Vinexpo huko Bordeaux, Ufaransa, mvinyo wa barafu wa Inniskillin wa mavuno ya 1989 ulitunukiwa tuzo ya juu. Kwa mujibu wa kanuni za VQA, zabibu za mvinyo huo huachwa mtini mpaka baridi ifike nyuzi 8 chini ya sifuri au zaidi, kisha huchumwa zikiwa zimeganda, mara nyingi usiku. Zinapokamuliwa, maji hubaki kuwa barafu, na kinachotiririka ni matone machache yenye utamu mkali. Baridi ile ile iliyokuwa adui wa mkulima ikageuzwa kuwa mali yake.

Hata hivyo hila haikukosa njia. Kwa muda mrefu viwanda vikubwa viliagiza mvinyo kwa wingi kutoka nchi za nje, vikauchanganya na kidogo cha nyumbani au bila ya hicho kidogo, na kuandika kwenye chupa maneno yaliyomfanya mnunuzi adhani ni wa Kanada. Wakulima na wanunuzi walilalamika miaka nenda miaka rudi. Hatimaye mwaka 2018 maneno hayo yalibadilishwa, ikatakiwa chupa iseme wazi kwamba ni mchanganyiko wa kimataifa. Tunalisisitiza hili kwa sababu imani ya mpenzi yule wa Toronto imesimama juu ya ukweli wa karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Na mwezi Machi 2025, majimbo mengi yalipoondoa vileo vya Marekani madukani kwa sababu ya ugomvi wa ushuru, cha nyumbani kilikuwa tayari rafuni, na hakuna aliyekionea haya.

Haki inatutaka pia tutaje gharama. Januari 2024 baridi kali iliua machipukizi katika bonde la Okanagan, jimbo la British Columbia, na mavuno ya mwaka ule karibu yote yakapotea. Afya nayo ina neno: mwongozo uliotolewa Kanada mwaka 2023 ulisema kwamba hatari huongezeka mtu anapopita vinywaji viwili kwa wiki. Hayo ni maneno ya wataalamu wao, si yetu.

Na iko mikono isiyoandikwa kwenye chupa. Tangu mwaka 1966 mashamba ya Kanada yamekuwa yakipokea wafanyakazi wa msimu kutoka Jamaika, kisha kutoka visiwa vingine vya Karibi, na tangu 1974 kutoka Mexico. Wao hupogoa na kuchuma kwa muda usiozidi miezi minane kwa mwaka, kwa kibali kinachowafunga kwa mwajiri, kisha hurudi kwao. Baadhi yao ni watu wa visiwa kama sisi. Mwenye kuusifu udongo wa Niagara bila ya kuwakumbuka hao, sifa yake ina upungufu.

Sasa turejee nyumbani. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi tunaongeza kwamba kizuri kikichanganywa na kibaya, vyote viwili huharibika jina. Anayetia makonyo ndani ya gunia la karafuu humwibia mnunuzi, na pia huliibia jina walilolichumia babu zetu juu ya mikarafuu. Na afisa anayelipitisha gunia hilo kwa uso wa mtu au kwa udugu huvunja katika dakika moja heshima iliyojengwa kwa vizazi.

Tunawataka maofisa wahusika wapime bila ya upendeleo, na walipe daraja lililo bora bei inayostahili, ili mwaminifu asijione mjinga. Tunawataka wakulima waanike vizuri na wachague kwa makini. Na sisi sote, mgeni akibisha hodi, tuanze kumkaribisha kwa kilicho chetu, baada ya kuhakikisha kwamba kinastahili kukaribishiwa mtu.